Shajara ya bafu: kutafuta pampu ya kuongeza presha

Jumamosi, 7 Juni 2025

Baridi ya Arusha imeshafika, ile ya asubuhi Meru haionekani na sahani za chai zinapoa kabla hujakaa. Mke wangu ametoa taarifa moja tu: mama yake anakuja kutoka Tanga mwanzoni mwa Julai, na bafu letu la wageni haliogeki. Ni kweli. Heater ya papo hapo iliyofungwa pale juu inawaka ikipenda. Mtu akifungua koki ya jikoni, inakata, na aliyejipaka sabuni anabaki akiita majina ya watu.

Hali ilivyo kabla sijagusa kitu. Nyumba ni ya chini, Moshono. Simtanki la lita 2,000 limekaa juu ya mnara wa matofali wa mita 4. Bomba la PPR, yaani la plastiki ya kuchomelea, la milimita 20 linashuka kutoka tenki, linapita chini ya ardhi mita 22, linaingia ndani na kugawanyika: bafu la masta lenye boila ya lita 50, bafu la wageni lenye heater ya papo hapo ya kilowati 5.5, jikoni, na vyoo viwili.

Nimechukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Shawa ya masta: dakika 4 kamili. Hiyo ni lita 2.5 kwa dakika. Bomba la bustani, lililo chini ya mnara palepale, limejaza ndoo hiyohiyo kwa sekunde 30.

Nimempigia fundi. Hajauliza swali hata moja. "Bosi, weka pampu ya hosipawa moja, utasahau." Nimemwambia asubiri.

Jumapili, 8 Juni

Jana jioni nilinunua geji ya presha mtaani. Pesa imepotea. Geji imechorwa mpaka baa 10, na maji ya mnara hayafiki hata nusu baa, kwa hiyo mshale umejinyanyua kidogo ukarudi kulala. Kila mita 10 za kimo cha maji ni baa 1 hivi. Kutoka usawa wa maji tenkini mpaka kichwa cha shawa nimepima kwa futikamba nikapata mita 2.7. Yaani baa 0.27, tenki likiwa limejaa. Likikaribia kuisha inabaki baa 0.14.

Basi nimetumia kipimo cha mafundi ujenzi: mpira wa maji mweupe unaopitisha mwanga, ule wanaopimia usawa wa msingi. Nimeufunga kwenye koki ya beseni bafuni, nikauinua wima ukutani, nikafungua shawa. Maji ndani ya mpira yanasimama pale presha yake inapoishia, huhitaji geji. Yamesimama sentimita 60 tu juu ya kichwa cha shawa.

Hapa nimekaa kitako juu ya kifuniko cha choo nikafikiri. Maji yanaanza na mita 2.7 na yanafika na sentimita 60. Mita 2.1 zimeliwa njiani. Na maji yenyewe ni lita 2.5 kwa dakika, kidogo mno kwa bomba la milimita 20 kula kiasi hicho. Kwa hesabu, mita 22 za bomba lile zinapaswa kula kama sentimita 25. Kuna kitu kimekaba mahali.

Jumamosi, 14 Juni

Kimepatikana. Getivalvu, ile koki ya kufungia maji yote, iliyo chini ya mnara. Mpini wake unazunguka vizuri kabisa, kulia na kushoto, lakini lile bamba la ndani limeachana na uzi na kuning'inia katikati ya njia. Ukizungusha unahisi unafungua kumbe unazungusha hewa. Fundi ameitazama, akaitupa kwenye ndoo ya takataka, akasema hizi za bei rahisi ndivyo zilivyo. Yeye ndiye aliyeifunga miaka sita iliyopita. Sikusema kitu, alikuwa bado hajachomelea bomba jipya.

Kwa sababu tumebadilisha bomba pia. Fundi aliona ni kupoteza pesa, ila hesabu haikunipa nafasi ya kukubaliana naye. Bomba la PPR la milimita 20, lile zito la maji moto, kwa ndani lina tundu la milimita 13 tu. Likipitisha lita 10 kwa dakika, yaani watu wawili wakitumia maji kwa pamoja, kila mita moja inakula sentimita 14 za kimo. Kwa mita 22 ni mita 3.1. Mimi ninazo 2.7! Ndiyo maana jikoni wakifungua, bafuni panakufa. Bomba la milimita 32 kwa maji yaleyale linakula sehemu moja ya kumi ya hapo, sentimita 30 hivi kwa safari nzima. Vipande sita vya mita nne, viungo, valvu mpya ya tufe: shilingi 138,000. Fundi 60,000.

Jumapili, 15 Juni

Ndoo: dakika 2 juu ya alama. Lita 5 kwa dakika, mara mbili ya wiki iliyopita, bila senti moja ya umeme. Heater ya wageni inawaka kila ukifungua, maana karatasi yake inadai kimo cha mita 1 angalau ili kile kiwambo cha ndani kisukumwe na kugusanisha umeme. Zamani ilikuwa inapata sentimita 60.

Hata hivyo tenki likishuka nusu, shawa ya masta inarudi kuwa ya huruma. Pampu bado inahitajika. Lakini sasa naitafuta pampu ya kuongeza baa moja, wala siyo ya kufukua bomba lililoziba.

Jumamosi, 28 Juni

Madukani, mjini kati. Saa tatu za kuambiwa mambo.

Muuzaji wa kwanza alinipeleka moja kwa moja kwenye jeti ya hosipawa 1. "Hii kaka inapandisha mpaka ghorofa ya nne." Nikamwambia sina ghorofa. "Basi ndiyo itafika vizuri zaidi." Jeti kazi yake ni kunyonya maji kutoka kisima kifupi au tenki la chini. Maji yangu yanateremka yenyewe kutoka mnarani mpaka kwenye mdomo wa pampu. Ningemlipa mtu kunibebea mzigo ambao umeshashuka.

La pili nililojifunza leo ni kusoma kibati cha pampu. Kile kipampu kidogo cha nusu hosipawa, ambacho mafundi wengi hukifunga majumbani, kimeandikwa H max mita 40 na Q max lita 40 kwa dakika. Mtu akisoma haraka anadhani atapata lita 40 kwa kimo cha mita 40. Hizo namba mbili hazikutani kamwe. Mita 40 ni pale koki zote zimefungwa na hakuna tone linalotoka. Lita 40 ni pale maji yanamwagika bila kupanda popote. Unachokipata kipo katikati, na kipo kwenye mchoro ulio ndani ya boksi ambao muuzaji hapendi ufungue.

Mahitaji yangu: shawa mbili kwa wakati mmoja na koki ya jikoni ikiwa imefunguliwa nusu. Kama lita 15 kwa dakika, kwa kimo cha mita 6 mpaka 10 juu ya nilichonacho. Hayo tu. Nimebaki na aina mbili mezani.

Kwanza ni hiyo ya nusu hosipawa pamoja na presha kontroo, lile boksi la plastiki lenye geji linalowasha pampu presha ikishuka kufika baa 1.5. Pampu yake ina gurudumu lenye meno mafupi linalozunguka karibu sana na ukuta. Ndiyo siri ya nguvu yake, na ndiyo sababu mchanga kidogo unaimaliza.

Pili ni pampu ndogo ya kufungwa katikati ya bomba, wati 120, H max mita 10, Q max lita 25. Hii haiangalii presha. Ina swichi inayohisi maji yakitembea. Maji yakianza kupita, kama lita 2 kwa dakika, inaamka, yakisimama, inalala. Ubaya wake ni kwamba inahitaji maji yaanze kutembea yenyewe. Mwenye nyumba ya ghorofa ambaye tenki lake liko usawa wa shawa ya juu atafungua koki, hakuna kitakachotembea, na pampu haitajua kwamba ameitwa. Na mimi, kabla ya kubadilisha ile valvu, ningekuwa palepale mpakani: lita 2.5, na tenki likishuka, chini ya hapo.

Sijanunua. Jirani ana ile ya nusu hosipawa stoo, amesema nichukue nijaribu.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Mama mkwe amefika Alhamisi. Leo sikukuu, tumefunga pampu ya jirani kwa majaribio chini ya mnara, na waya wa muda.

Ndoo ya masta imejaa kwa sekunde 34. Watoto wamepiga makofi. Mimi pia nilifurahi, sitaficha. Kisha Mama akaingia bafu la wageni. Dakika mbili baadaye nikaitwa.

"Baba, hili si bomba la mvua. Hii ni mvua ya mawe. Na ya baridi."

Nimepima: lita 9 kwa dakika kutoka kwenye heater, joto nyuzi 26. Maji ya tenki asubuhi yalikuwa nyuzi 17. Na heater haikuharibika. Kilowati 5.5 ni kilowati 5.5, moto ni uleule, maji yameongezeka. Ikipitisha lita 3.5 kwa dakika inayapandisha nyuzi 22 hivi, unaoga ya 39. Ikipitisha lita 9 inayapandisha nyuzi 9, basi. Na jioni umeme ukishuka mpaka volti 200 badala ya 220, ile kilowati 5.5 inabaki kama 4.5, kwa sababu nguvu ya koili inashuka kwa kasi kuliko volti zenyewe.

Nilikuwa nimeishughulikia presha mwezi mzima kama vile ndiyo shida pekee. Kwa mwenye heater ya papo hapo, presha ikizidi inakuwa shida nyingine, na muuzaji wa pampu hakuulizi una heater gani.

Mama amechemshiwa maji kwenye sufuria. Ndoo na kopo, kama Tanga.

Jumatano, 9 Julai

Usiku: mlio wa pampu, sekunde nne, kimya. Dakika saba, tena. Nimehesabu mpaka saa nane na nusu nikaamka kuizima.

Presha kontroo inawasha presha ikishuka, na presha ikishuka na hakuna aliyefungua koki, basi maji yanatoka mahali. Asubuhi nimekoroga bluu ya kufulia nguo kidogo kwenye matenki ya vyoo vyote viwili, nikakataza watu kuflash kwa nusu saa. Choo cha wageni: bakuli limekuwa la bluu. Raba ya chini imechoka. Mpya shilingi 3,000. Sijui imevuja kwa muda gani. Kabla ya pampu hakukuwa na mlio wa kuonyesha.

Choo cha masta nacho kimeanza kupiga filimbi kikijaa. Koki zote zikifungwa, bomba la nyumba nzima linakaa kwenye baa 3 na ushee, na geji yangu ya mtaani hatimaye imepata kazi. Maboya ya choo hayakuzoea.

Pampu ya jirani imerudi stoo kwake, nimeipangusa vizuri.

Amenidokeza kwamba yeye aliitoa kwa sababu alikuwa ameifunga kwenye bomba linalotoka mtaani, moja kwa moja, ikavuta tope mpaka ikakwama. Hapo nilitamani kusema mengi. Ukinyonya bomba la mtaa unawaachia hewa wenzako wa juu ya mlima, na bomba likiwa na ufa chini ya mtaro unakunywa mtaro. Pampu inavuta kutoka tenki. Nimesema tu, "Aa, kumbe," maana pampu yake nimeitumia bure.

Jumamosi, 19 Julai

Nimenunua ile ndogo ya wati 120. Shilingi 165,000. Muuzaji amenitazama kama mtu aliyeingia duka la magari akanunua baiskeli.

Fundi naye: "Bosi, hiki si ni cha heater?" Kwa umbo, ndiyo, inafanana na pampu za kuzungushia maji moto. Rota yake inazungukia ndani ya maji yaleyale inayoyasukuma, ndiyo maana haina kelele na haina sili ya kuvuja. Lakini ina sharti: shafti ilale sawa na ardhi, popote bomba linapoelekea. Ikisimama wima hewa inakaa juu na bushi zinakauka. Fundi alikuwa ameanza kuifunga ikitazama juu, "ili isomeke".

Jumapili, 20 Julai

Imefungwa chini ya mnara, kwenye bomba kuu, kabla maji hayajagawanyika. Hili la mwisho tulibishana. Fundi alitaka aifunge kwenye mstari wa maji baridi bafuni tu, ni karibu na umeme. Lakini shawa ya masta inachanganya maji ya boila na ya baridi kwenye koki moja. Ukiyapa nguvu ya baridi peke yake, yatayasukuma ya moto yarudi kwenye boila na utaoga baridi mpaka ukome. Zote mbili lazima zitoke kwenye presha moja.

Mpangilio kuanzia tenkini: valvu, chujio, yunioni (kiungo cha kufunguka), pampu, yunioni, valvu. Chujio nilikipigania, na baada ya saa moja nimekifungua nikakuta vinyweleo vya PPR na punje za mchanga kiasi cha kijiko cha chai. Umeme: sakiti breka yake yenyewe, kinga ya kukata umeme ukivuja ya miliampea 30, na waya wa eathi uliofika ardhini kwelikweli. Maji na umeme na watoto, hapo sikubani pesa. Fundi umeme na vifaa vyake, 45,000.

Matokeo. Masta: ndoo kwa sekunde 62. Lita 10 kwa dakika, chini ya ile ya jirani kwa mbali, na inatosha kuondoa povu kichwani kwa mke wangu ambaye ana nywele za kutosha watu wawili. Boila ya lita 50 ikiwa nyuzi 60 inachanganyika kupata kama lita 90 za kuogea, yaani dakika tisa. Ndiyo kikomo cha masta sasa: boila, siyo pampu.

Wageni: lita 5 kwa dakika, nyuzi 32. Afadhali, bado si ya Mama.

Jumanne, 22 Julai

Droo ya jikoni, kati ya betri zilizokufa na funguo zisizo na kufuli, nimekuta kidude cha plastiki chenye tundu dogo katikati. Kilikuja kwenye boksi la heater. Karatasi inasema kiwekwe kwenye mdomo wa maji pale presha inapokuwa kubwa. Fundi alikitupa humo miaka sita iliyopita kwa sababu presha yenyewe haikuwepo.

Nimekiweka. Ndoo: dakika 2 na sekunde 50. Lita 3.5. Joto: nyuzi 39. Na sasa jikoni wakifungua, haikati, kwa sababu pampu iko nyuma yake.

Mama ameoga, akatoka, akapita sebuleni bila kusema kitu. Mke wangu anasema hiyo ni nzuri.

Jumapili, 27 Julai

Tatizo dogo. Kile kipaipu cha kutawadhia chooni ukikibonyeza kidogo tu, maji yanapita karibu na zile lita 2, na pampu inawaka, inazima, inawaka, inazima, tik-tik-tik. Swichi haijui kama maji yanatembea au yamesimama. Dawa ni kukibonyeza sawasawa au kukibana koki yake ya ukutani mpaka pampu isiamke kabisa. Mnara peke yake unatosha kwa kazi hiyo. Nimekibana.

Faida ya upande wa pili: raba ya choo ikianza kuvuja tena usiku, pampu hii italala. Nitaweka bluu kila baada ya miezi mitatu.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Juzi umeme ulikatika saa kumi na mbili asubuhi. Maji yanapita ndani ya pampu iliyozimwa, lakini kwa shida, na masta ilirudi dakika 3 na robo kwa ndoo. Leo tumeongeza njia ya pembeni: bomba linaloizunguka pampu, lenye chekivalvu katikati, valvu inayoruhusu maji upande mmoja tu. Pampu ikifanya kazi, presha ya mbele inaifunga chekivalvu. Umeme ukikatika, maji ya mnara yanaifungua yenyewe na kupita. Duka la kwanza walinipa yenye springi. Nimeirudisha. Springi inadai nguvu yake kabla ya kufunguka, na mimi nina mita 2 tu za kugawa. Ya kibati kinachobembea, ya shaba, ilale sawa na ardhi.

Tumezima breka na kujaribu: ndoo kwa dakika 2 na sekunde 5.

Umeme wa pampu nimeukadiria kwa saa moja kwa siku: uniti tatu na nusu kwa mwezi. Jumla ya mradi kabla ya leo 411,000 pamoja na raba ya choo, leo 38,000. Geji siihesabu.

Bado: kufunika pampu kwa kibanda cha bati kabla ya mvua za vuli, chenye matundu ya hewa. Fundi amesema atakuja Jumamosi. Sijasema Jumamosi ipi kwa sababu na yeye hakusema.